Sima Bila Moto

Nilistaafu ualimu kwa amani. Nikawa na kuku wangu 11, redio yangu na kiti changu cha kukunja chini ya mwembe, sina ugomvi na mtu. Ndipo akaja binti mmoja mhariri, niliyemfundisha darasa la pili miaka hiyo alipokuwa bado anakula chaki.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mwalimu, tunataka utuandikie vitabu vya picha vya watoto. Sita tu. Vina maneno machache sana."

Machache! Neno hilo ndilo lililoniponza. Siku hizi mtu akiniambia kazi yake ina maneno machache namwuliza kwanza hayo machache yana masharti mangapi.

Wiki iliyofuata nikaletewa mwongozo. Una kurasa 38 na umefungwa kwa waya wa plastiki, una jalada la mbele na la nyuma, una faharasa. Kitabu chenyewe kinachoongozwa kiwe na kurasa 16 na maneno yasiyozidi 60. Nimeona mikataba ya kununua kiwanja Kigamboni iliyo myembamba kuliko ule. Ndani mna masharti 41 yenye namba. Sharti la 1 linasema mfululizo uwe wa kufurahisha. Kuanzia hapo furaha haitajwi tena mpaka jalada la nyuma.

Tuanze na sharti la 4, maana ndilo lililonipandisha presha: ukurasa mmoja usizidi maneno 5. Nikamwuliza binti limetoka wapi. Akasema wataalamu wamelitoa kwenye miongozo ya nje. Nikaelewa papo hapo. Hilo limetungwa na watu ambao neno lao ni punje ya mchele. Letu ni mhogo, ukiuvuta unakuja na mizizi na udongo na mnyoo mmoja. Chukua "asingalitununulia". Hilo ni neno moja. Mwingereza akitaka kusema jambo hilohilo anatumia maneno 7, na bado hajafika dukani. Sasa utawahesabiaje hawa wawili kwa kipimo kimoja?

Nikawajaribu. Nikapeleka ukurasa wenye maneno 5 kamili: "Wasingalitukaribisha tusingaliwatembelea, wala tusingaliwafahamu, jamani." Kamati yao ikahesabu, ikakuta matano, ikapitisha. Nilicheka peke yangu mpaka kuku wakaacha kudonoa. Wiki iliyofuata likaja sharti jipya, la 4(b): neno lisizidi silabi 2. Hilo lilitungwa kwa ajili yangu peke yangu, na mke wangu amesema ndiyo malipo ya mzee mzima kufanya utani kazini.

Na halikuja peke yake, lilishikana mkono na la 4(c). Hilo linasema silabi iwe irabu peke yake, au konsonanti moja na irabu moja, kwa kuwa mtoto anayeanza hajafika kwenye "mb" na "nd" na "ng'". Hapa nisiseme uongo, sharti lenyewe si la kipumbavu. Nimefundisha ba be bi bo bu kabla hawajaanza kuita Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa kifupi KKK, na najua mtoto akikutana na "ng'ombe" siku ya kwanza atalia, na atakuwa na haki. Shida ni kwamba mfululizo wenyewe umeitwa wa wanyama wa nchi yetu. Haya, kaa chini uwahesabu.

Wapo wale watano wakubwa ambao watalii huvuka bahari kuja kuwaona. Simba ana "mb", nje. Tembo ana "mb" hiyohiyo, nje, na ukimwita ndovu ana "nd". Chui ana "ch". Nyati ana "ny". Akabaki kifaru. Nikamtamka polepole, ki-fa-ru, herufi safi kabisa, nikapiga kofi. Kisha nikahesabu silabi. Tatu! Nje. Twiga, mnyama wa taifa, akakwama kwenye "tw". Mbwa, mbuzi, punda na nguruwe wote wakarudishwa mlangoni. Sungura, mjanja wa hadithi zote alizotusimulia bibi, alikuwa na makosa matatu kwa mpigo: ana "ng", ana silabi 3, na kwa tabia yake ni mwongo, wakati sharti la 19 linakataza mhusika kudanganya.

Niliowakumbuka wakapita ni paka, kuku, bata, kobe, popo na fisi. Yaani Serengeti nzima imegeuka uwanja wangu wa nyuma, na fisi amepenya kama kawaida yake.

Basi nikaandika kitabu cha kwanza. Fisi ana kiu. Kuku ana maji. "Kuku, nipe maji." "Haya, fisi." Ukiniuliza baada ya hapo inakuwaje, haiwi. Sharti la 20 linasema mhusika asimdhuru mwenziwe. La 21 linasema mnyama asiliwe. La 22, na hili nililisoma mara mbili nikiwa nimevaa miwani na mara moja bila miwani, linasema fisi asioneshwe kuwa mlafi, kwa sababu ni kumbandika sifa mbaya. Jamani, fisi! Nimefundisha miaka minne kijiji kimoja cha Dodoma, fisi akala kiatu changu cha ngozi, akarudi usiku wa pili kufuata mwenzake. Leo huyohuyo namwandikia akinywa maji kwa adabu.

Na adabu yenyewe ilikuwa na matatizo. Sharti la 23 linataka mhusika ashukuru akipewa kitu. Lakini "asante" ina "nt" tena ina silabi 3. Fisi hawezi kushukuru. Kuku naye hawezi kumjibu "karibu", ka-ri-bu, tatu. Tulikaa kikao cha saa mbili, na sambusa, tukaamua kwamba fisi atainamisha kichwa kwenye picha.

Katika kikao hichohicho ndugu mmoja mwenye koti akanisuta kwa mfano wa Marekani. Akasema Dr. Seuss aliandika *Green Eggs and Ham*, kikatoka mwaka 1960, kwa maneno 50 tofauti tu, baada ya mchapishaji wake Bennett Cerf kuweka naye dau kwamba hataweza. Kwa nini mwalimu anashindwa? Nikamwambia, ndugu yangu, yale maneno 50 yote yana silabi moja moja isipokuwa neno moja. Kiswahili maneno yetu ya silabi moja ni kama "na", "ya", "wa", "la", "si", "ni" na "je". Nikitunga kitabu cha hayo mtoto atasikika kama mtu anayejitetea huku ana tonge mdomoni. Halafu Dr. Seuss alikuwa anashindana na mtu mmoja anayemjua sura. Mimi nashindana na nani? Ndugu mwenye koti akatazama mwongozo. Nikaendelea: hili la 27, kwamba kila kitabu kiwe na kitu kimoja cha rangi ya zambarau, limetoka kwa nani?

Wakatazamana. Mmoja akasema ni la kamati iliyopita. Mwingine akasema hapana, kamati iliyopita nayo ililikuta.

"Lilikuwemo," akasema katibu, akafunga daftari.

Binti mhariri ana akili, nilimfundisha mwenyewe. Baada ya kikao alinipa kitabu kidogo cha mraba, cha sentimita kama 16 kwa 16, cha Mholanzi Dick Bruna, yule wa sungura Miffy aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1955. Picha 12 tu, rangi chache zisizochanganywa, mstari mweusi mnene, na sungura anakutazama wewe usoni muda wote, akicheka anakutazama, akilia anakutazama. Nilikaa na kitabu kile chini ya mwembe mpaka magharibi. Masharti yale ni makali kuliko yangu, lakini yule bwana alijiwekea mwenyewe, akayalea, akafa nayo mwaka 2017 akiwa na miaka 89. Siku akitaka kuyalegeza anajiuliza, anajijibu, anachovya brashi. Hamwiti mtu, hanunui sambusa.

Mchoraji wetu ni kijana aliyekulia kwenye Tingatinga, ule uchoraji ulioanzishwa hapa Dar na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli na vipande vya ubao mwembamba. Mtu wa mtindo ule hajui nafasi tupu. Akichora ndege, ataweka na ua, na kwenye ua ataweka nyuki, na palipobaki ataweka madoadoa. Sharti la 30 likamwambia aache theluthi moja ya kila ukurasa tupu kwa ajili ya maandishi. Maneno matano, theluthi ya ukurasa! Alinipigia simu usiku.

"Mzee wangu, hii nafasi nyeupe inanitia huzuni."

"Vumilia, kijana."

"Naitazama nayo inanitazama."

Sikulitilia maanani. Laiti ningelitilia.

Mambo ya mavazi nayapita haraka, kwa sababu mpaka leo yakitajwa nashikwa na kichwa. Wanyama wote wavae nguo kwa ajili ya staha. Fisi kavaa suruali, mkia utokee wapi? Kobe kavaa shati juu ya gamba, na vifungo. Sharti hilo lilipoongezewa lile la watoto wote kuonekana na viatu, tukapata kwenye kitabu cha tatu picha ya watoto wanaoogelea Coco Beach wamevaa viatu vya shule na soksi.

Lakini kitabu cha pili ndicho ningependa kitundikwe ukutani. Kinahusu nyumbani. Sharti la 14 linataka baba aonekane akifanya kazi za nyumbani. Sina neno nalo, mimi mwenyewe hukaanga mayai, ingawa mke wangu ana maelezo yake kuhusu hali ya jiko baadaye. Sharti la 15 linataka katika kila picha mtoto awe pamoja na mzazi. Na sharti la 16 linakataza moto, kisu na maji ya moto popote alipo mtoto. Kila moja ukilisoma peke yake utatikisa kichwa kwa kukubali. Ukiyasoma kwa pamoja unapata hiki tulichokipata: baba, ametabasamu, amesimama mbele ya sufuria lililokaa juu ya mafiga matatu yaliyopoa, anasonga kwa mwiko, na mwanawe anatazama. Chini ya sufuria hakuna kuni, hakuna mkaa, hakuna hata jivu. Kijana akauliza, je, mvuke unaruhusiwa? Swali likapelekwa kikaoni. Jibu likarudi kwa maandishi: moshi hapana, mvuke ndiyo. Kwa hiyo mvuke unafuka.

Na anachosonga si ugali. U-ga-li ni silabi 3. Ikabidi tuseme sima, kama wenzetu wa Mombasa. Nilimwonesha mke wangu ukurasa ule akautazama kwa muda mrefu.

"Huyu baba ni wa wapi?"

"Wa hapahapa."

"Anapika sima bila moto?"

"Kuna mvuke."

Hakunijibu. Akafunua ukurasa wa pili, na hapo ndipo ugomvi halisi ulipoanza, kwa sababu ukurasa wa pili yupo mama, na mama kajifunga kanga, na kanga haina jina.

Naomba hapa tusimame kidogo. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Kijana alichora pindo vizuri kabisa, na kwenye mji akaweka korosho zilizopendeza, lakini pale chini panapokaa maneno pakawa peupe kama ukuta uliopigwa chokaa. Alizuiwa na sharti la 31: pasiwe na neno lolote ndani ya picha. Daladala letu halina pa kwendea, limeandikwa weupe kwenye kioo, abiria wanapanda kwa imani. Duka la dawa halina kibao. Ukuta hauna "usikojoe hapa". Dar nzima imefutwa midomo. Mke wangu aliliacha daladala, akakaza jicho kwenye kanga.

"Hiki ni nini alichovaa?"

"Kanga."

"Kanga ya kumwambia nani nini?"

Nikajaribu kumweleza sharti la 31. Akasema mwanamke aliyevaa kanga isiyo na jina ni sawa na aliyealikwa harusini akakaa kimya, watu watadhani ana jambo. Akasema pia kwamba angekuwa yeye ndiye mke wa huyo bwana anayepika bila moto, angejua kanga ya kuvaa. Akaitaja. Siiandiki.

Nikaenda nikiwa nimevimba hadi kwa mchapaji. Mtambo uko Chang'ombe, mahali ambapo, kwa "ch" na "ng'" zake, hapataweza kutajwa kwenye mfululizo wetu mpaka watoto wafike darasa la nne. Mzee wa mtambo ni wa rika langu, vidole vyake vina wino usiotoka tena. Nikamwaga malalamiko yote juu ya meza yake. Hakusema kitu. Akachukua karatasi moja pana, akaikunja katikati, akaikunja tena, akaikunja mara ya tatu, akaniambia niandike namba za kurasa kwenye pembe, moja hadi kumi na sita, bila kuifungua. Nikaandika. Akaikunjua.

Ukurasa wa 1 umekaa ubavuni mwa wa 16. Wa 8 umesimama kichwa chini karibu na wa 9. Wa 4 umepakana na wa 13.

"Jumlisha hizo zinazoshikana mgongoni, mwalimu."

Moja na 16, 17. Nne na 13, 17. Tano na 12, 17. Nikajumlisha zote, mbele na nyuma, kwa furaha ambayo sikuwa nayo tangu nistaafu. Kumbe kurasa 16 hazikutungwa na kamati yoyote. Ni mikunjo mitatu ya karatasi. Hadithi yangu ya fisi niliyoimalizia ukurasa wa 13, nikagombana na binti wiki mbili kwamba sanaa haipimwi kwa rula, mzee akaniuliza kwa upole: "Hizo 3 zilizobaki nikuchapie nini, tangazo la msiba?"

Nikamwuliza na hili la maneno kwenye picha. Akanitolea pleti nne, za samawati, waridi, njano na nyeusi. Maandishi yote yakiwa kwenye pleti nyeusi peke yake, wakitaka toleo la Kiingereza wanabadilisha hiyo moja tu, tatu zinabaki vilevile. Ukiandika jina la kanga kwa rangi ndani ya picha, umewalazimisha kubadilisha zote nne. Nikanyamaza. Niliporudi nyumbani sikumwambia mke wangu. Kuna maelezo ambayo ni ya kweli na bado hayafai kupelekwa nyumbani.

Kamati ilitaka pia kitabu kiwe cha mraba, kwa kuwa wameona vya nje ni mraba. Mzee akachukua rula. Karatasi yangu, akasema, inagawanyika kwa A4, sentimita 21 kwa 29.7. Mkitaka mraba wa 21, nakata ukanda wa karibu sentimita 9 kwa kila ukurasa na mmeshaulipia. Akaashiria nje ya dirisha kwa kidevu. Pale nje alikuwepo kijana wa karanga, anasokota vikaratasi vizuri vyenye rangi, kimoja kina nusu ya mbawa za bata. Nikakijua kile kitu. Ni kitabu cha mtu.

Ndugu mwenye koti, ambaye tulikuwa naye, akauliza kama inawezekana kutoboa matundu kwenye kurasa kama ya yule kiwavi wa Eric Carle. Mzee akamwambia kwamba kitabu kile cha mwaka 1969 kilipelekwa kuchapwa Japani kwa sababu gharama za kutoboa huko Marekani zilikuwa kubwa mno. Akaugonga mtambo wake begani kama mtu anayempapasa punda mzee. Hakuongeza neno.

Kabla hatujaondoka akatupeleka kwenye mashine ya kukatia. Kisu chake ni kirefu kama mkono wangu, kinashuka juu ya rundo la vitabu mara moja, na sauti yake ni kama ya mtu anayemeza. "Hiki," akasema, "huteleza kidogo. Leo nusu milimita, kesho moja. Kwa hiyo rangi ivuke ukingo milimita 3, na kitu chochote mnachokipenda kikae ndani sentimita moja. Mkikiweka ukingoni msije kunililia." Ni sharti la 36 na la 37. Nilikuwa nimeyaruka kwa sababu hayana fisi.

Nilirudi nikiwa nimepungua. Nikayasoma masharti upya kwa kalamu nyekundu, pembeni ya kila moja nikiandika mwenyewe wake: mkunjo, wino, kisu, pini. La 33, kwamba herufi "a" iwe ile ya duara na mkia, ile ambayo mtoto anafundishwa kuiandika, nikaandika "mwalimu", yaani mimi. Hilo nililipigia saluti. Mwandiko wanaoutumia unaitwa Andika, umetengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya wanaoanza kusoma, na jina lake ni Kiswahili chetu, wala halikuhitaji kikao. Yaliyobaki bila mwenyewe yalikuwa 19. Pembeni ya hayo niliandika "lilikuwemo", nikampelekea binti. Akacheka, akasema ataliwasilisha. Bado linawasilishwa.

Hatimaye prufu ya kitabu cha fisi ikaja, imekatwa, imebanwa pini mbili, inanukia wino. Majani niliyoyaona kwenye kompyuta ya kijana yaking'aa yametoka na rangi ya mlenda wa jana, lakini hayo niliambiwa mapema. Kamati imeshasaini. Nikaamua nimjaribie mjukuu wangu, ana miaka mitano, huletwa Jumamosi na mama yake anapokwenda sokoni. Bado hajui kusoma, ndiyo hasa aliyekusudiwa.

Nikamketisha mkekani. Nikaanza kwa sauti ya darasani: "Fi-si a-na ki-u."

"Babu, huyu hapa."

"Yupi?"

"Kifaranga."

Nikavaa miwani. Kweli, kwenye ile theluthi tupu, chini ya maneno yangu, palikuwa na kifaranga cha manjano, kidogo kama punje ya hindi. Hakimo katika hadithi. Hakimo katika mwongozo. Hakikuvaa hata suruali. Nikafunua ukurasa unaofuata, kipo, kimesogea kidogo. Unaofuata, kipo, kinamtazama fisi. Nilisoma kwa ufasaha mkubwa na mjukuu wangu hakunisikiliza hata silabi moja. Alikuwa anakiwinda kifaranga kwa kidole. Kijana yule! Nafasi ilimtia huzuni, naye akaitafutia mtu wa kuishi humo, na wataalamu 9 wakasaini bila kumwona.

Tukafika ukurasa wa 11. Hapo ndipo fisi ameshakunywa maji, ameinamisha kichwa kushukuru kwa mujibu wa sharti la 23, na anatabasamu kwa mujibu wa la 24, meno yote nje. Mjukuu akatafuta chini. Hakuna. Akatafuta juu. Hakuna. Kisha akaweka kidole pembezoni kabisa mwa ukurasa, na mimi nikaona. Kijana alikiweka ukingoni. Kisu kilipita. Kilichobaki ni mguu mmoja wa manjano, umejitokeza kwenye ukingo wa karatasi, karibu na mdomo wa fisi anayetabasamu.

Mjukuu wangu alinyamaza. Akamtazama fisi. Akautazama mguu. Akanitazama mimi kwa macho ambayo hakunitazama nayo hata siku moja katika vitabu vyote nilivyomsomea, akasogea mpaka akanikalia mguuni.

"Babu," akanong'ona. "Amemla."

Nilitaka kumweleza habari ya milimita 3. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa ameshanyakua kitabu mkononi mwangu, anafunua mwenyewe, haraka, kwa mikono miwili, ukurasa wa 12, na pale chini ya neno "haya" kifaranga kilikuwa kimesimama kizima, miguu miwili, kama hakuna lililotokea.

Akavuta pumzi.

"Kamtapika!" akapiga kelele, kuku wote wakaruka. "Babu, rudia. Rudia pale anapomla."